Ufa Hauzibwi na Asiyeuona

Methali ya ufa na ukuta inajulikana na kila aliyelelewa katika Kiswahili. Hufundishwa madarasani, hutiwa katika hotuba, hutolewa mfano katika kila nasaha. Hata hivyo limo ndani yake sharti ambalo wasemaji huliruka: kabla ya kuzibwa, ufa lazima uonekane, na ili uonekane, lazima awepo wa kuutazama. Methali haikuulaumu ukuta. Ilimlaumu mwenyewe.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la maduka Kariakoo, likawafukia wachuuzi na wateja. Waliokufa hawakupungua 29. Ndipo likatoka agizo la kukagua majengo ya Kariakoo. Agizo lilikuwa jema, ila lilitolewa juu ya kifusi. Visiwani nako hapana wa kujitoa: Beit el-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na wawili wakafa. Nalo lilikwisha kuonya, kwani sehemu yake nyingine ilianguka mwaka 2012.

Kila mara husemwa kuwa ni kudra. Kudra ni neno zito, wala halifai kufanywa pazia la nondo nyembamba. Jengo halifi ghafla. Nondo ikiingiwa na kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mchanga wa pwani uliotumika na chumvi yake huiharakisha kutu hiyo. Nguzo iliyopunguzwa ili duka lipanuke huuhamishia mzigo wake kwa jirani ambaye hakuwekwa kuubeba. Ukuta wa mawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji hunyimwa pumzi, unyevu ukabaki ndani na boriti zikaoza kichwani. Haya yote yana dalili, na dalili zake zinasomeka. Fundi akibandika lipu nyembamba juu ya ufa na kuandika tarehe, kisha lipu hiyo ikapasuka, amekwisha kujua kuwa jengo linatembea. Hiyo si siri ya wataalamu wa ng'ambo.

Kwa nini basi halisomwi? Kwa sababu watu watatu wanasukumiana. Mwenye jengo husema ana kibali, kana kwamba kibali cha ghorofa mbili kinaweza kuishikilia ya nne. Mpangaji hulipa kodi, pengine na kilemba, akahesabu wapita njia mbele ya fremu wala asitazame dari iliyo juu ya kichwa chake. Mnunuzi huichambua hati herufi kwa herufi, kisha akaridhika na rangi mpya ukutani. Na rangi mpya katika jengo linalouzwa ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Anunuaye mbuzi humfungua kinywa. Anunuaye mashua huigonga mbao kwa mbao na kuuchokonoa ukalafati. Duka la mamilioni hununuliwa kwa macho ya mgeni wa harusi.

Watasema ukaguzi ni anasa ya miji mikubwa. La hasha. Jina la Kwamsisi limebebwa na kata ya Handeni na kata ya Korogwe, mkoani Tanga, mbali na ghorofa za Kariakoo. Na ni katika mahali kama hapo ndipo desturi hii ingeanza kwa gharama ndogo. Safu ya fremu za chini hukaguliwa kwa siku moja. Lakini mwenye fremu akifanikiwa hutamani ghorofa, na ghorofa hiyo hupandishwa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya bati tu. Swali la msingi huo lapasa kuulizwa kabla ya tofali la kwanza kupanda, si baada ya jirani kusikia mlio usiku.

Wahandisi wana bodi ya kuwasajili, makandarasi wana yao, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaita. Mwenye jengo na atoe michoro yake. Mpangaji na akatae kutia saini mkataba wa pango usioambatana na taarifa ya ukaguzi yenye jina, tarehe na saini. Mnunuzi na ampeleke mhandisi wake mwenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji. Halmashauri nayo na iitundike taarifa hiyo mlangoni, mteja aisome kabla ya kuingia.

Washairi nao wasijitenge. Mshororo ukipungukiwa na mizani moja, hadhira hulalamika na mtunzi huona haya; nguzo ikipungukiwa na nondo, kila mtu hunyamaza hadi siku ya tanzia. Tenzi za maombolezo zimetungwa za kutosha. Ukali ule ule unaotumika kuhesabu silabi utumike kuhesabu nguzo, na uanze katika majengo ambayo bado yamesimama.