Hakutunguliwa



Wengi wetu hapa Uingereza tunamjua Roald Dahl kwa vitabu vya watoto. Wachache wanajua kwamba jamaa aliwahi kuishi Dar es Salaam. Alifika mwaka 1938 kufanya kazi na kampuni ya mafuta ya Shell, na vita vilipoanza 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Huko ndiko alikojifunza kurusha ndege.

Anahesabiwa kuwa aliangusha ndege tano za adui, idadi inayomwingiza rubani kwenye orodha ya mabingwa wa vita vya angani. Lakini mimi mtu wa uhandisi hizo tano naziacha. Inayonisumbua ni ile iliyoanguka bila kupigwa risasi hata moja, yaani ndege yake mwenyewe.

Tarehe 19 Septemba 1940 aliagizwa kupeleka ndege aina ya Gloster Gladiator kwa Kikosi Namba 80, jangwani kusini ya Mersa Matruh, Misri. Alifika alipoelekezwa, uwanja haupo. Akazunguka kuutafuta, mafuta yanakwisha, giza linaingia. Ikabidi atue jangwani kwenye mawe. Ndege ikagonga, ikawaka moto. Alitoka hai, lakini fuvu limepasuka, pua imepondeka, na kwa muda hakuona kabisa. Uchunguzi wa jeshi ulikuta kwamba alikuwa ameelekezwa mahali pasipo sahihi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1942, akiwa Marekani, jarida la Saturday Evening Post lilichapisha habari zake chini ya kichwa kinachosema eti alitunguliwa Libya! Ukweli aliuweka sawa mwenyewe baadaye, na ameueleza katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986.

Kwa nini kichwa kile? Kwa sababu kutunguliwa kunapendeza. Kuna adui na kuna shujaa. Maelekezo yaliyokosewa yana nini? Yana ofisa mezani na karatasi yake. Hakuna anayempigia makofi.

Simnyang'anyi mtu ujasiri wake. Aprili 1941 Dahl alipelekwa Ugiriki akiwa na saa chache mno za kurusha Hurricane. Tarehe 20, juu ya Athens, Hurricane 12 ziliruka, tano zikaangushwa na marubani wanne wakafa, akiwemo bingwa mkubwa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini. Ujasiri ulikuwepo tele. Lakini ujasiri hausahihishi ramani.

Nalisema hili kwa sababu linanihusu. Kabla ya kuja kusoma nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja nyumbani. Valvu ya boila ilikuwa inavuja, na tulishaandika mara mbili ibadilishwe. Siku ilipofumuka, fundi mwenzetu aliungua mikono yote miwili akijaribu kufunga mvuke. Ripoti ikasema "bahati mbaya". Kikaitishwa kikao, akasifiwa kwa ushujaa, watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Sahihi yangu imo kwenye ile ripoti, valvu haimo.

Wenzangu, tutarudi na hizi digrii na tutaandika ripoti nyingi. Shujaa asifiwe, anastahili. Ila kwanza tuandike nini kiliharibika, na nani alikuwa anajua.

Naomba kutoa hoja.