Doa Lile Angani

Sisi tunaokula kwa kamera tunalijua doa lile. Harusi imepigwa vizuri, maharusi wamepozi ufukweni Coco, ukizifungua picha kwenye kompyuta unaliona: doa jeusi juu ya shela, picha hii na ile na ile, mahali palepale. Unafuta lenzi, lipo. Unabadilisha lenzi, lipo. Ukibana tundu la lenzi hadi f/16 ndiyo kabisa, linajitokeza kama limechorwa.

Vumbi limeingia ndani, na ndani hakuingiliki kirahisi.

Wengi tunasema sensa, kile kipande kinachonasa picha, imechafuka. Sensa yenyewe mara nyingi haina neno. Mbele yake kuna filta, kipande cha kioo kinachozuia miale ya infraredi, na vumbi linakaa juu ya kioo hicho. Hata ule mkwaruzo unaoachwa na kitambaa kibovu uko hapo hapo. Basi ng'oa kioo, weka kingine, maisha yaendelee! Nani akuuzie? Kwenye kamera nyingi filta imefungwa pamoja na sensa, na duka linakutajia bei ya vyote viwili. Ukijumlisha na ufundi, unaona heri utafute kamera nyingine ya mtumba.

Haya, fungua mwenyewe. Skrubu ni za Kijapani, bisibisi ya kawaida inazila vichwa. Fleksi, ule waya bapa wa ndani, ukiivuta vibaya imekatika. Kapasita ya flashi inaweza kuwa na volti kama 300 hata betri ikiwa mezani, na ikikushika utajuta. Ukivuka hayo yote ukafika kwenye sensa, unakuta vibati vyembamba sana chini ya skrubu zake. Vimewekwa kiwandani ili sensa ikae sawasawa. Changanya kimoja tu na kingine, sensa inalala upande, na sehemu chache za mia za milimita zinatosha: bwana harusi ametoka safi, bibi harusi ana ukungu. Kifaa cha kupima hilo hatuna majumbani.

Mafundi simu wa Kariakoo tunawaheshimu. Mtu anabadilisha kioo cha simu kwenye kijimeza barabarani, watu wanapita, jua linawaka, na simu inatoka nzima. Mpelekee kamera: anaigeuza, anaichungulia, anakurudishia. Mikono anayo. Spea na mwongozo wa ufundi ndivyo hana, na hana pa kuvipata.

Wala si sisi peke yetu. Marekani, mwaka 2020, Nikon haikuongeza tena mkataba na mafundi huru iliokuwa imewaidhinisha. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya haki ya kutengeneza vitu mwaka 2024, na orodha yake ina mashine za kufulia, friji na simu.

Kamera haimo.

Kwa hiyo jamani, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi iwe mkobani siku zote. Kamera igeuzwe mdomo chini unapopuliza, lenzi isibadilishwe upepo ukivuma, na mtu asipulize kwa kinywa, maana mate ni kazi mpya. Na ninyi mnaotengeneza kamera: tuuzieni kioo peke yake, na mwongozo mpeni fundi. Pesa ya kioo tunayo, ya kamera nyingine hatuna.