Kazi ya Redio Zamani: Neno Lilipimwa Kwanza

Mwezi huu tuzungumze juu ya redio.

Watu waliofanya kazi ya redio zamani wakikutana, mazungumzo hayaishi. Hukumbuka tepu kubwa zilizozunguka kwenye mashine. Hukumbuka wembe wa kukatia tepu. Neno baya liliondolewa kwa wembe huo, kisha tepu ikaungwa tena kwa gundi. Hukumbuka pia barua nyingi za wasikilizaji.

Je, mashine zile zilikuwa bora kuliko za leo? Hapana. Zilikuwa nzito, na kazi ilikwenda polepole. Kinachokumbukwa hasa si mashine. Ni uangalifu wa kazi. Neno lilipimwa kwanza, ndipo likatoka.

SAUTI KUTOKA MBALI

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 redio iliwekwa chini ya serikali. Ikaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Watu wakazoea kuiita RTD.

Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo sauti ilifika. Ilivuka mapori ya Biharamulo, ikapanda vilima vya Ngara. Mwenye redio aliitoa nje jioni. Majirani walikuja kusikiliza. Betri zikichoka, zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Iliendelea kwa wiki 12. Watu karibu milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio. Walisoma kitabu. Walijadiliana. Kisha walichukua majembe, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi ya maji machafu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Hayo ndiyo yanayowafurahisha watangazaji wa zamani. Neno lilisemwa Dar es Salaam, na shimo la choo likachimbwa kijijini.

TANGAZO LA KIFO

RTD ilikuwa na vipindi vingi vilivyopendwa. Watoto walisubiri Mama na Mwana. Wazee walisubiri Mazungumzo Baada ya Habari. Lakini matangazo ya vifo yakianza, wote walinyamaza.

Simu zilikuwa chache sana vijijini. Barua ilichukua siku nyingi njiani. Kwa hiyo ndugu wa marehemu walipeleka tangazo redioni. Lilitaja jina la marehemu na mahali alipofia. Lilitaja pia majina ya ndugu na miji au vijiji wanakoishi. Mtu alikuwa Biharamulo akila chakula cha jioni. Ghafla alisikia jina la baba yake.

Ndugu msomaji, hebu fikiri. Kama jina lile lingekosewa, ingekuwaje? Nyumba nzima ingelia bure. Mtu angeuza mbuzi wake apate nauli, kumbe baba yake ni mzima. Kwa sababu hiyo kila jina lilihitaji uangalifu mkubwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

REDIO ILIYOUA

Redio ni kama panga. Panga hufyeka shamba. Panga hilo hilo huweza kuua mtu. Sisi wa Ngara tulijionea wenyewe.

Mwezi Julai 1993 redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza katika nchi jirani ya Rwanda. Ilipiga muziki mzuri, na vijana waliipenda. Kisha ilipanda chuki. Iliwaita Watutsi mende. Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza. Redio ile ikataja hata majina ya watu na mahali walipojificha, ili wauawe.

Mto Kagera ulileta maiti hadi maporomoko ya Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara.

Mtangazaji mmoja wa RTLM aliitwa Georges Ruggiu, mzaliwa wa Ubelgiji. Alikiri makosa yake mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Tarehe 1 Juni 2000 alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Hakushtakiwa kwa kushika panga. Alishtakiwa kwa maneno yake.

REDIO ILIYOPONYA

Lakini redio pia iliponya. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango. Maana yake ni mwenye kuunganisha familia. Kilisaidia watu waliopotezana kutafutana.

Mwaka 1995 Redio Kwizera ilianza kutangaza hapa Ngara. Ilianzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Jina lake lina maana ya kutumaini. Ilizungumza na wakimbizi, na pia na wenyeji. Ng'ambo ya mto redio ilikuwa imetumika kuua. Upande huu wa mto ikatumika kutunza uhai.

LEO KILA MTU NI MTANGAZAJI

Siku hizi redio ni nyingi. Simu pia ni nyingi. Mwenye simu anaweza kusema neno moja, nalo likafika vijiji kumi kabla ugali haujaiva. Hana wembe wa kukata neno baya. Hana mkubwa wa kazi wa kumuuliza, "Umehakikisha?"

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia wilayani Biharamulo. Ugonjwa huo huambukiza kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa. Maiti ya mgonjwa pia huambukiza. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, na wote walifariki. Tarehe 13 Machi 2025 serikali ilitangaza kuwa mlipuko umekwisha.

Wakati kama huo, habari ya kweli ni dawa. Inamwambia mtu awahi kituo cha afya. Uvumi humfanya amfiche mgonjwa ndani. Aliyemficha humuuguza kwa mikono mitupu, naye huambukizwa.

Basi turithi uangalifu wa kazi ya zamani. Kabla hujapeleka habari kwa wengine, jiulize mambo matatu:

1. Nani amesema?
2. Amejuaje?
3. Nikiisema, itamsaidia nani?

Kama huna majibu, nyamaza kwanza. Uliza kwa mganga wa zahanati, kwa mwalimu, au kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Ukihakikisha, sema bila kuogopa.

Kwa heri, ndugu msomaji. Tuzungumze tena mwezi ujao.

JADILIANENI KATIKA KIKUNDI

1. Ni kipindi gani cha redio kiliwahi kubadili jambo kijijini kwenu?
2. Ni uvumi gani uliwahi kuleta hasara kwenu? Ulianzia wapi?
3. Ugonjwa ukitokea kijijini, nani atoe habari za kuaminika?