Tuwapigie Hodi Waliosoma



Wako wasemao kwamba mtu akipata digrii hana haja tena na watu wa kijijini. Twakataa neno hilo, na shahidi wetu ni marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025.

Alisoma Makerere na Leeds, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini mama mmoja wa Kamirithu, karibu na Limuru, alimwendea nyumbani tena na tena, akimtaka awagawie wenzake elimu hiyo. Mwaka 1976 akajiunga nao: wakulima, vibarua wa majani chai, wafanya kazi wa kiwanda cha viatu. Yeye na Ngugi wa Mirii wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wenyeji wakausahihisha, kwani ndio walioijua kazi na mshahara wake. Jukwaa wakalijenga wenyewe.

Mchezo ulianza Oktoba 1977. Novemba ukapigwa marufuku. Ngugi akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake. Chama cha walimu wa chuo kikuu kilimtetea. Mwaka 1980 nacho kikapigwa marufuku. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Basi kila tawi lijiulize: ni nani karibu nasi aliyesoma, na nani amempigia hodi? Tumwite aje afundishe, naye afundishwe. Na akipatwa na taabu kwa ajili yetu, tusimwache peke yake.