KMC itafute kikosi Kunduchi kabla ya kutazama Kariakoo

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anayecheza soka Kunduchi, wilayani Kinondoni, amezungukwa na viwanja vya timu kubwa. Akifuata Barabara ya Bagamoyo kuelekea mjini atafika Mwenge, ulipo Uwanja wa KMC. Akielekea upande wa pili ataukuta Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo wa JKT Tanzania, Mbweni, na mbele yake viwanja vya mazoezi vya Simba, Bunju. Pamoja na ukaribu huo, njia ya kumtoa kwenye uwanja wa mtaani hadi kwenye kikosi cha timu kubwa haijanyooka.

Timu yenye sababu kubwa zaidi ya kuinyoosha ni KMC, inayomilikiwa na Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni. Klabu ya manispaa haiwezi kushindana kwa fedha na Simba, Yanga au Azam. Nguvu yake pekee ni kata zake, na hapo ndipo mkakati wake wa usajili unapopaswa kuanzia.

Historia yake fupi inaeleza tatizo. KMC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018 na katika msimu wake wa kwanza, 2018/19, ikamaliza ya nne chini ya kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije. Mafanikio hayo yaliipeleka Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2019, ambako ilitolewa mapema na AS Kigali ya Rwanda. Msimu wa 2022/23 hali iligeuka, na timu ikanusurika kushuka daraja kwa mechi za mchujo dhidi ya Mbeya City. Msimu uliofuata, chini ya Abdihamid Moallin, ikamaliza ya tano.

Timu inayopanda na kuporomoka kwa kasi hiyo haina msingi wa kikosi. Kila inapofanya vizuri, wenye fedha hubisha hodi. Ndayiragije alichukuliwa na Azam mwaka 2019, mshambuliaji Charles Ilanfya akaenda Simba mwaka 2020, na Moallin akaelekea Yanga mwaka 2024. Klabu ndogo haikosei kwa kuuza. Inakosea inapouza huku ikiwa haijaandaa mrithi, kisha ikalazimika kuingia sokoni dirisha linapokaribia kufungwa na kuokota wachezaji waliokosa nafasi kwingine.

Marekani wana utaratibu tofauti. Katika ligi yao ya mpira wa miguu wa Kimarekani, NFL, timu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, ili mnyonge ajijenge upya. Soka la Tanzania halina mgawo wa namna hiyo. Mwenye fedha ndiye anayechagua kwanza, na tangu msimu wa 2021/22, kanuni ziliporuhusu kusajili wageni hadi 12, uwanja wake wa kuchagua umezidi kupanuka. Mnyonge hana budi kumwona mchezaji mapema, kabla wakubwa hawajalijua jina lake.

Kumwona hakutoshi, lazima afungwe kwa mkataba. Sakata la kiungo Awesu Awesu mwaka 2024 lilitoa somo. Simba ilipomtambulisha, KMC ililalamika, na Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa KMC. Alihamia Simba baada ya klabu hizo kumalizana. Bila karatasi yenye sahihi, timu ya Kinondoni isingekuwa na la kusema.

Kuna faida nyingine ya kulea mapema. Kanuni za FIFA zinaelekeza kuwa mchezaji anapouzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alianzia Mbagala, wilayani Temeke, katika timu iliyokuja kuitwa African Lyon, akapitia Simba na kwenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Samatta mmoja tu akitokea Kunduchi, Tegeta au Mbweni huku kumbukumbu zake zikiwa zimetunzwa vizuri, klabu itavuna kwa miaka mingi.

Wapo wanaohofu kuwa kikosi cha vijana kitaishusha timu daraja. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana vijana wanahitaji kuzungukwa na wazoefu wachache katika nafasi za kipa, beki wa kati na kiungo mkabaji, huku mashambulizi yakiachwa kwa damu changa. Lakini usajili wa kubahatisha nao ulishaifikisha KMC kwenye mchujo.

Hoja hii haibadiliki, timu iwe inacheza daraja lolote. Fedha za halmashauri ni za wananchi wanaosubiri pia zahanati na barabara za mitaa. Mkazi wa Kunduchi akiona fedha hizo zinalipa mishahara ya wachezaji wa kupita, ana haki ya kuhoji. Akimwona kijana wa mtaa wake amevaa jezi ya KMC, atalipa kiingilio mwenyewe.