Nilihesabu Vijana 14, Kumbe Nilikuwa na 13



Wengi mmeniuliza kuhusu ile safari ya vijana ya likizo ya Agosti. Wengine hamkuuliza, mliandika tu kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa mkidhani Pasta hasomi. Pasta anasoma. Leo nimekaa chini nijibu, na sitajibu kwa mafumbo. Andiko ni refu kidogo, kwa hivyo weka chai karibu.

Kwa ambao hawana habari: mchungaji mmoja wa Kilutheri, ambaye tumeomba naye miaka mingi katika ushirika wa wachungaji wa hapa mjini, aliwaalika vijana wetu kwenye kongamano la vijana la kanisa lao. Lilikuwa la siku nne, katika shule moja ya bweni huko kaunti ya Kisii. Nikakubali. Vijana 14 wakajiandikisha, wasichana 8 na wavulana 6, nami nikaenda nao kama mlezi wa kundi. Sikuenda kuhubiri. Kwa siku nne sikushika maikrofoni hata mara moja, na mnaonijua mnajua kwamba hilo peke yake ni ushuhuda.

Tuliondoka Nakuru mapema. Sheria ya trafiki inakataza gari linalobeba wanafunzi kuwa barabarani kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ingawa letu lilikuwa gari la kukodi, sikutaka kujaribu neema ya Mungu. Tulipopita makutano ya Londiani watoto walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Juni 2023 watu zaidi ya 50 walipoteza maisha pale kwa dakika chache, wengine wakiwa wamekaa tu wanauza mboga. Niliomba kimoyomoyo mpaka tukapita.

Kericho tukasimama wanyooshe miguu. Baada ya robo saa nikawarudisha garini, nikahesabu vichwa, 14, nikamwambia dereva twende. Tulikuwa tumeshaenda mwendo wa dakika kumi simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. "Pasta, ni mimi. Mmeniacha."

Nilikuwa nimemhesabu makanga.

Mtoto alikuwa amekwenda msalani, akatoka akakuta gari limekwenda, akaazima simu ya mwenye kituo cha mafuta. Namba yangu aliijua kwa kichwa kwa sababu mama yake alimkaririsha usiku wa kuamkia safari. Mama huyo aliniokoa mimi na mwanawe pamoja. Tuligeuza gari. Nilipomwona amesimama kando ya pampu ameshika mfuko wake wa mahindi ya kuchoma, miguu yangu haikuwa na nguvu ya kushuka.

Nimehubiri Luka 2 mara nyingi sana, ile habari ya Yusufu na Mariamu kutembea mwendo wa siku nzima wakidhani kijana Yesu yuko katika msafara. Nimewasema sana wazazi wale. Nimesema mzazi gani anatembea siku nzima bila kujua mtoto wake yuko wapi? Sasa najua ni mzazi gani. Ni yule anayeona watu wengi na kudhani kwamba wingi wao ni ulinzi. Kuanzia Kericho nilihesabu kwa majina, si kwa vichwa, na kila jina liliitika kwa sauti yake.

Tulifika saa tisa alasiri, mvua ya Kisii inanyesha kama kawaida yake. Mlangoni palikuwa na meza, na kwenye meza mama mmoja wa makamo mwenye daftari. Akataka fomu za wazazi. Nilikuwa na 9. Hizo nyingine wazazi walikuwa wameniambia "sawa Pasta" kwa simu. Akataka majina ya watoto wenye maradhi na dawa zao. Nilijua mmoja ana pumu, sikujua dawa yake iko kwenye mfuko upi. Kisha akauliza, "Na mlezi wa wasichana ni nani?"

Nikasema ni mimi.

Aliniangalia kwa heshima zote, akasema, "Mchungaji, bweni la wasichana mwanamume haingii. Hata askofu wetu haingii." Hakunikaripia. Aliwapa wasichana wetu mama mmoja wa kwao awalale karibu usiku ule, na mimi nikampigia simu mama wa idara yetu ya vijana, aliyefunga duka lake kesho yake alfajiri na kufika saa sita mchana. Mama, Mungu akurudishie hasara ya siku zile tatu. Wapendwa, mkimwona dukani kwake nunueni kitu.

Usiku ule sikuwa na amani. Nimesoma chuo cha Biblia miaka mitatu, nimeongoza kanisa hili zaidi ya miaka kumi, nimepeleka vijana kambini sijui mara ngapi, na hakuna hata mara moja nilipoulizwa swali lile na mtu wa kanisa letu. Sisi tumezoea kusema "damu ya Yesu inawafunika." Inawafunika, amina. Lakini tangu Shakahola mwaka 2023, mahali ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, wakiwemo watoto wengi waliopelekwa na watu wazima waliomwamini mhubiri, mimi sioni tena haki ya mchungaji yeyote Kenya hii kumwambia mzazi, "Niamini tu." Mzazi akiuliza nani atalala na binti yake, hana roho ya mashaka. Anafanya kazi yake. Na mimi niliyepaswa kuwa na jibu sikuwa nalo.

Sasa nije kwenye ibada, maana hapo ndipo mlipoandika zaidi.

Niseme ukweli: ibada ya kwanza ilipoanza, nilingoja ipande moto. Haikupanda. Walisimama, wakasoma, wakakaa, wakaimba, wakasimama tena. Maombi yameandikwa. Toba imeandikwa. Nikajisemea moyoni, hawa watoto wa watu wanakufa kwa baridi. Ubatizo wa watoto wachanga nao siukubali, na nilimwambia mwenyeji wangu hivyo tukinywa chai, naye akacheka akasema alijua ningefika hapo kabla ya siku ya pili. Sijabadilika. Anayesema Pasta amegeuka Mlutheri alale usingizi.

Lakini siku ya pili walikuwa na darasa, na nilikaa nyuma na vijana wangu. Wanasoma katika Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, kijitabu cha mwaka 1529. Luther alikuwa amezunguka makanisa ya Saksonia mwaka uliotangulia akakuta watu wanaitwa Wakristo na hawajui Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawawezi kufundisha kitu. Akaandika kitabu kifupi ambacho baba mwenye nyumba anaweza kuwafundishia watoto wake mezani: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, ubatizo, meza ya Bwana. Kila baada ya sehemu linarudi swali lilelile, hii maana yake nini? Na mtoto anajibu.

Msichana wa miaka kama 13 alisimama akaeleza sehemu ya Roho Mtakatifu, bila karatasi. Luther anafundisha pale kwamba mtu hawezi hata kumwamini Yesu kwa akili zake wala kwa nguvu zake. Kule kuamini kwenyewe ni Roho Mtakatifu amemwita na kumwangazia. Nilikaa wima. Hiyo ni 1 Wakorintho 12:3 kabisa. Mimi ndiye Mpentekoste ndani ya chumba kile, na mtoto wa Kilutheri ndiye aliyekuwa akinikumbusha kazi ya Roho.

Sikujua kwamba kijana wetu mmoja, safu ya mbele yangu, alikuwa anasikiliza kuliko mimi.

Haya ninayoandika sasa nimepewa ruhusa naye na mama yake, na nimeficha yanayoweza kumtambulisha. Usiku wa siku ya tatu, saa tano na zaidi, nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha bweni la wavulana, zamu yangu. Alitoka akakaa ngazini. Mlango ulikuwa wazi, taa inawaka, na mlezi mwingine wa wenyeji alikuwa upande wa pili, kama sheria yao inavyotaka. Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, "Pasta, mtu akidanganya kwamba amejazwa Roho, hiyo ndiyo ile dhambi isiyosamehewa?"

Nikamwuliza nani amedanganya.

Akasema, "Mimi. Kwenye kesha la Desemba."

Mnalikumbuka kesha lile. Tuliwaita vijana mbele, tukawawekea mikono, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kunena kwa lugha. Yeye alibaki wa mwisho. Watu wazima watatu wakamzunguka. Mmoja alimwambia afungue kinywa, mwingine akamwambia arudie maneno anayoyasikia. Ilikuwa karibu saa tisa usiku, miguu inamuuma, mama yake anatazama. Akayaiga maneno ya kijana aliyekuwa kando yake. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Aliyeshika maikrofoni akasema, "Mwingine huyu ameingia!"

Aliyeshika maikrofoni nilikuwa mimi.

Miezi minane mtoto alibeba jambo hilo. Alikuwa akipanda madhabahuni na timu ya sifa kila Jumapili akiamini amemkufuru Roho Mtakatifu na hakuna msamaha wake. Hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu watu wote ambao angewaambia walikuwepo wakishangilia. Ilibidi aende Kisii, kwa watu tunaosema hawana Roho, asikie mtoto mwenzake akieleza kwamba kule kumwamini Yesu tu tayari ni kazi ya Roho, ndipo apate ujasiri wa kuuliza.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia dhambi ile si yake peke yake, na sehemu kubwa ni yangu. Nilimwonyesha 1 Wakorintho 12, mwisho wa sura, Paulo anapouliza kama wote wananena kwa lugha, na swali limeulizwa kwa namna inayotaka jibu la hapana. Najua kuna wenzangu watasema pale Paulo anazungumzia karama kanisani na si ishara ya ujazo. Nilifundishwa hivyo chuoni na ninaijua hoja. Mimi mwenyewe nilijazwa Roho nikiwa kidato cha nne na nanena kwa lugha mpaka leo, sioni aibu. Ninachokataa ni kumshika mtoto saa tisa usiku na kumwambia arudie. Kama ni kipawa, kinatolewa na Mwenyewe kwa wakati wake. Tukimfundisha mtoto kuiga, tumemfundisha kuigiza mbele za Mungu, na atakayejifunza hilo vizuri akiwa na miaka 16 atatusumbua sana akiwa mchungaji.

Nimekumbuka 1 Samueli 3. Eli hakuwa mlezi mzuri, wanawe wanashuhudia. Lakini usiku ule aliamshwa mara tatu na mtoto, na mara tatu hakumwambia alichosikia ni nini kabla ya kuelewa mwenyewe. Alimrudisha kulala, kisha akamwelekeza aitike. Hakumwigizia sauti.

Kwa aliyeandika kwenye kikundi kwamba nimewapeleka watoto "kwa watu wa dini ambao hawajaokoka," nakujibu kwa upendo. Fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani, ambalo wewe mwenyewe ulilitolea ushuhuda Jumanne katika maombi ya adhuhuri, lilipiganiwa na Luther tangu ile Oktoba 1517 alipoandika hoja zake 95. Uamsho wa Azusa Street kule Los Angeles, ambao sisi tunahesabu kama chimbuko letu, ulianza 1906. Na Biblia yako ya Kiswahili? Mmojawapo wa watu wa kwanza kuanza kutafsiri Maandiko kwa lugha hii ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa malezi ya Kilutheri aliyetumwa na shirika la Waanglikana. Alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, na akaendelea kutafsiri. Walutheri wa Kisii nao walihubiriwa Injili na wamishenari kutoka Uswidi walioanza kazi Itierio mwaka 1948. Hatukuwakuta gizani.

Makesha ya vijana yataendelea. Lakini tangu sasa hakuna mtoto wa chini ya miaka 18 atakayezungukwa na watu wazima madhabahuni baada ya saa sita usiku, na hakuna atakayeambiwa arudie maneno ya mtu. Wazee wawili hawajakubaliana nami juu ya hili. Tumezungumza, tutazungumza tena, na mpaka hapo agizo ni langu na lawama ni yangu.

Kambi ya Desemba haitafunguliwa mpaka tupate walezi wa kike wasiopungua wawili na wa kiume wawili, kila mmoja na barua kutoka kwa watu wawili wanaomfahamu nje ya kanisa. Wazazi tukutane Jumapili mara tu baada ya ibada ya pili, chini ya hema la shule ya Jumapili. Njooni na kadi ya kliniki ya mtoto kama anatumia dawa. Fomu nitakuwa nazo mimi mwenyewe, na bila sahihi hakuna kiti garini, hata kwa watoto wangu.

Na mwaliko wa Kisii wa mwaka ujao umeshafika. Wameomba tulete vijana 20.

Mbarikiwe.