641 imo ndani yetu
Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na namba hiyo natamani iandikwe ubaoni katika kila darasa la Musoma, Bunda na Butiama. Igawe kwa 2: unapata 30,870,560. Endelea tu, itakubali mara sita kwa jumla, mpaka ufike 964,705, ambapo 2 inagoma. Hapo inaingia 5, halafu 7, halafu 43, na mwisho inabaki 641, namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Na hiyo 641, jamani, ina historia! Mwanahisabati Mfaransa Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake Euler akaonyesha kuwa 641 inaigawa bila kubakiza kitu. Mkoa wetu wa Mara nao ulipata watu 2,372,015: inaishia na 5, basi 5 inaigawa, tarakimu zake zikijumlishwa ni 20, kwa hiyo 3 haiwezi. Mwanafunzi wa darasa la saba pale Bunda anayefundishwa vigawo kwa kutumia 12 na 18 tu ananyimwa utamu huu wote, ilhali yeye mwenyewe alihesabiwa humo.